Ndoo

Mheshimiwa Mwanakombo Shee hana salamu ndefu.
Anakohoa mara moja, hilo siandiki,
anaweka mtandio sawa, hilo pia siandiki,
kisha kipaza sauti kinawaka taa yake nyekundu
na mimi, chumba cha pili, navaa masikio ya plastiki.

Kazi yangu ni kuandika alivyosema.
Si alivyosema hasa: alivyosema kwa usanifu.
Mwongozo umebandikwa ukutani, juu ya birika:
lahaja irekebishwe, marudio yaondolewe,
vicheko vitiwe kwenye mabano.
Basi akisema nti, naandika nchi.
Akisema ndia, naandika njia.
Akisema, "Mato yangu yameona,"
namtoa mato, namtia macho,
kama daktari asiyeomba ruhusa.

Miaka minne. Amesimama mara kumi na tisa, nimehesabu.
Mbili, taa za barabarani za Mkanyageni.
Moja, paka. (Kicheko.)
Lakini paka wanashiba nini, aliuliza,
kama si taka ambazo gari halijazizoa tangu Rajabu?
Kumi na sita zilizobaki, maji.
Maji kwenye makadirio ya bajeti.
Maji kwenye hoja ya kuahirisha kikao.
Maji kwenye rambirambi za karani mstaafu,
mpaka Spika akagonga meza: Mheshimiwa, tumzungumzie marehemu!
"Naam, Mheshimiwa Spika. Na marehemu ataoshwa kwa maji gani?"
(Kimya.)
Mwongozo hauna mabano ya kimya.
Niliyatia. Yaliondolewa.

Jumatano ile mwenyekiti wa kamati alisoma:
bomba limefika Kuze, ukurasa wa arubaini, picha imeambatishwa.
Mwanakombo akasimama bila karatasi.
"Ndoo," akasema.
Akanyamaza, kisha:
"Ndoo, Mheshimiwa Spika. Ndoo na kamati yako yote,
kesho alfajiri, kabla mkokoteni wa Kipande haujapita."

Nilirudisha kanda mara sita.
Mimi mtoto wa Maungu. Kwetu ndoo ni chombo,
mama huitua kichwani ikiwa nusu,
na bomba kubwa la Mzima linapita chini ya nyayo zetu
likija huku pwani, kwetu halina mdomo.
Utotoni tulilaza sikio juu ya chuma
tukasikia maji yakienda kwa watu wengine.
Niliamini watu hao wanaogelea sebuleni.

Niliandika "Njoo." Nikafuta.
Niliandika "Mheshimiwa alitaja ndoo." Nikafuta.
Mhariri akapita, koti begani, saa kumi na moja kasoro:
mpe kitenzi, twende nyumbani.
Nikampa kitenzi.

Ripoti ilipita. (Makofi.)
Hakuna aliyekwenda.

Isipokuwa, na hili halimo kwenye taarifa rasmi,
Alhamisi nilishuka Kuze kungali giza.
Mitungi ya njano ilikuwa imepanga foleni kabla ya wenyewe.
Yeye alikuwa wa saba, kanga mbili, hana cheo,
anabishana na Kipande juu ya shilingi kumi
kwa sauti ileile anayombishia Waziri wa Fedha wa kaunti.
Na bomba la ukurasa wa arubaini lilikuwapo kweli,
limetokeza ukutani, rangi bado mbichi.
Mtu alikuwa amelitundikia kandambili moja ikauke.

Hakunijua. Angenijuaje?
Hajapata kumwona anayemtoa mato.
Aliniona tu nimesimama, mikono mitupu,
nikiziba njia, au ndia,
akasema lile neno.

Nikenda.
Nikaipokea.